Maji ya Kunawa ya Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipika na kukaribishana, alikuwepo Mama Digidigi na watoto wake watatu. Mkubwa aliitwa Sikitu. Na jirani yao alikuwa nani? Kifaru! Msicheke huko nyuma, jirani kama huyo hachekeshi hata kidogo.

Kila makande yalipoiva, huyoo, puu, puu, puu, mlangoni! Na desturi ya pale, mgeni hupakuliwa mpaka mwenyewe aseme, "Inatosha." Kifaru hakusema hata siku moja.

"Ongeza, Mama Sikitu! Haijatosha!"

Chungu kikabaki kitupu, watoto wakalala njaa. Ikawa hivyo siku tatu mfululizo.

Siku ya nne, kitinda mimba alikosa hata nguvu za kulia. Mama Digidigi akaumia sana moyoni. "Haki ya nani," akasema, "leo wanangu watakula."

Kifaru alipotokeza, akamlaki kwa bashasha. "Karibu, jirani! Ila watu wanasema leo utasema 'inatosha'."

"Nani, mimi?" Kifaru akafura. "Nikilitamka neno hilo humu ndani, nainuka naenda zangu na sirudi tena. Naapa kwa pembe yangu!"

"Haya, nawa basi ule."

Akamketisha mkekani, uso mlangoni, chungu mgongoni. Akainua birika. Chururuuu!

Sasa, maji ya kunawa nayo yana desturi ile ile: humiminwa mpaka mgeni aseme. Na kuondoa mikono kabla ya kusema ni kukataa chakula. Kifaru akafumbua mdomo, akakumbuka kiapo, akaufumba.

Birika la kwanza likaisha. La pili nalo.

"Yametosha, jirani?"

"Ha... hayajatosha!"

Kufika la tano, maji yalishatapakaa mkekani, Kifaru kalowa makalio. Nyuma yake akasikia kwaru, kwaru, kwaru.

"Nini hicho?"

"Watoto hao, wanakuonjea chumvi."

"Mama Sikitu, maji yamezidi!"

"Yamezidi? Kumbe yametosha?"

"Hapana! Hayajatosha!"

"Sasa kama hayajatosha, yamezidije? Sikitu! Lete birika jingine!"

"Naja, mama," Sikitu akaitikia, mdomo umejaa.

Chururuuu! Kifaru anatetemeka, meno yanagongana. Kwaru, kwaru! Mwisho akaruka juu.

"INATOSHA! Jamani, inatosha! Inatoshaaa!"

Kifaru akageuka. Chungu kimekwanguliwa mpaka kinang'aa, na kitinda mimba kalala chali, tumbo ndii, anacheua.

"Na sisi yametutosha," akasema mtoto.

Kiapo ni kiapo. Kifaru akatoka, maji yakimchuruzika, na mlango ule hakuukanyaga tena.

Basi wanangu, ukipakuliwa kwa watu, sema "inatosha" wakati chungu bado kina kitu.