Shikamoo ya Kidoti

Hadithi, hadithi!

Njoo, tumekaa, tunaisikiliza!

Wewe wa nyuma, acha kucheka. Hii si ya kucheka.

Hapo kale, kale sana, pimbi waliishi kwenye miamba ya mlimani. Kati yao alikuwapo binti mmoja, Kidoti, aliyelelewa na bibi yake tangu mama yake afe. Kila asubuhi aliushika mkono wa bibi, akaubusu, akasema, "Shikamoo, bibi." Bibi akajibu, "Marahaba, mboni ya jicho langu."

Ukaja ugonjwa wa kikohozi. Ukazoa wazee. Mganga Kobe akapita akitangaza: "Naweni mikono! Msikusanyike! Wazee wasalimieni kwa mbali, urefu wa mkia wa nyani!"

"Sisi hata mkia hatuna, tutapimaje?" Pimbi wakacheka.

Kidoti hakucheka. Akahamia mwamba wa pili, akawa anapaza sauti, "Shikamoo, bibi!" Na ng'ambo ya pili, "Marahaba!"

Siku ya kwanza akapita Nguchiro. "We Kidoti! Shikamoo gani hiyo, kama unafukuza kunguru? Twende ngomani." Kidoti akakataa.

Siku ya pili Nguchiro akarudi. "Huna adabu! Bibi yako anajua umemchoka." Kidoti akakataa, lakini neno likamchoma.

Siku ya tatu akaenda. Kichuguu penye ngoma kimejaa, wanyama bega kwa bega, kata moja ya togwa inazunguka mdomo kwa mdomo. Akanywa.

Asubuhi yake, neno la Nguchiro lingali linamchoma, akavuka mpaka kwa bibi.

Bibi akarudi nyuma. "Mjukuu wangu, jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, bibi."

"Hukwenda popote?"

"Sikwenda."

"Kweli?"

"Kweli, bibi."

Bibi akautoa mkono. Kidoti akaubusu. Bibi akatabasamu, machozi yakimlengalenga.

Haukupita muda Kidoti akakohoa, akapona. Bibi akakohoa, hakupona. Walimzika watatu tu. Kidoti akatazama kwa mbali, urefu wa mkia wa nyani.

Nguchiro akaja. "Pole, Kidoti. Mimi nilikuwa natania tu."

Natania tu! Mnamsikia?

Asubuhi Kidoti akapanda mwamba wake. "Shikamoo, bibi!" Mlima ukamrudishia, "...bibi!" Marahaba haikuja. Mpaka leo pimbi hulia miambani asubuhi. Hulia, hunyamaza, husikiliza, kisha hulia tena.

Vijana, mimi sizunguki. Mkiambiwa kaeni mbali na wazee, kaeni mbali, hata mkichekwa. Na mkikosea, semeni. Kwenda ngomani lilikuwa kosa, lakini bibi angeambiwa ukweli, mkono asingeutoa.

Ngano yangu naiacha hapo mwambani. Iliyemkera anikasirikie mimi; iliyemgusa akanawe mikono, kisha amwamkie bibi yake kwa mbali, angali anaitikia.