Kwa Nini Watu wa Msangwe Hawaombani Moto

Mmewahi kujiuliza kwa nini mtu wa Msangwe huona afadhali alale njaa kuliko kubisha hodi kwa jirani aombe kaa la moto? Hamjawahi. Mmeambiwa ni fahari yetu, mkaitikia, mkaondoka. Basi kaeni niwaeleze ilivyokuwa, na anayetaka kujivuna atajivuna baadaye, kama bado ana hamu.

Zamani hizo hapakuwa na watu wa Msangwe. Kulikuwa na watu wa Ikondwe, kule chini bondeni. Mji wao ulipofurika watu, mfumwa wao, yaani mtawala, alichagua kaya arobaini akazipandisha huku mlimani, mwendo wa siku tatu. Akawapa majembe, mbegu za mtama, na moto ndani ya chungu. Pamoja na moto akawapa sharti: mtu yeyote asipekeche moto wake mwenyewe, na atakayepekecha laana ya Ikondwe itamfuata. Kila mwaka mvua za kwanza zikikaribia, meko yote yazimwe, mtu mmoja ateremke Ikondwe kuleta moto mpya, nao ugawanywe nyumba kwa nyumba. Chungu kizibwe kwa udongo mbele ya mfumwa, kikiachiwa tundu dogo la kupumulia, na kisifunguliwe mpaka kifike.

Wazee wetu walilipenda sharti hilo. Msicheke. Mtu aliyepelekwa mbali huipenda hata kamba, ilimradi inamfunga na kwao. Miaka ya mwanzo walikipokea kile chungu kwa ngoma. Wao walijiita watu wa Ikondwe wanaoishi juu. Ikondwe iliwaita wale wa juu, basi.

Kisha Ikondwe ikaanza kuongeza. Anayekuja kuchukua moto aje na asali. Mwaka uliofuata, asali na beberu. Halafu wakatakiwa vijana ishirini wakachimbe ndiva ya mfumwa, bwawa la kumwagilia mashamba ya bondeni, na vijana hao waliporudi mvua zilikuwa zimepita, mashamba yao yamebaki magugu matupu. Watu wakala mizizi. Wakatuma wazee, si kugoma, kuomba tu: kazi tutafanya, lakini siku ya kazi inapopangwa, mtu wetu mmoja naye akae barazani. Mfumwa aliwasikiliza huku akila, kisha akauliza tangu lini mtoto wa kunyonya akawa na neno juu ya chakula cha mama. Baraza zima likacheka. Mwaka ule wakatakiwa vijana arobaini.

Hapo palikuwa na sababu za kumtosha mtu yeyote mwenye akili. Kila nyumba ilikuwa na vijiti vya kupekechea vimefichwa darini, na kila mtu alijua jirani yake anavyo. Wakanung'unika shambani, wakanung'unika kwenye pombe. Mvua zilipokaribia, wakazima meko yao, wote, kama walivyoagizwa.

Aliyetumwa mwaka huo ni Senzia, kijana mwenye miguu myepesi na mdomo mchungu. Ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake kwamba wameota ndevu na bado wananyonya. Aliondoka na asali yake na beberu wake. Siku ya pili ukungu ukashuka na mvua ya baridi, na Nambike, mke wa kaka yake, akajifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto wa kike, mdogo wa kuenea viganjani.

Wakamsubiri Senzia. Nakijwa, mama mkwe wa Nambike, ambaye ndiye aliyemzaa Senzia pia, alimweka mjukuu kifuani akamfunika ngozi tatu. Akawaita wazee akawaambia mtoto huyu anataka moto. Wazee wakasema mwanao yuko njiani. Alipotaja vijiti, walimtazama kana kwamba amevua nguo.

Siku ya sita asubuhi Senzia akatokea na chungu. Watu wote walikuwa uwanjani, kila mmoja na kigae cha kupokelea kaa lake. Mzee mmoja akabandua udongo. Ndani mlikuwa na majivu, baridi, yameshikana kama tope. Senzia akasema hivyo ndivyo alivyopewa. Kila mmoja aliamini, kwa sababu ilikuwa rahisi sana kuamini.

Kabla ya adhuhuri mtoto akafa.

Nakijwa akamrudishia Nambike mwanawe, akaingia ndani, akatoka na vijiti, akaketi chini mbele ya wazee, akaanza kupekecha. Mmoja wao akamkumbusha laana ya Ikondwe.

"Ije," akasema bila kuinua uso. "Itanikuta msibani."

Moshi ulipotoka, watu walisogea na vigae vyao. Akawafukuza. Aliwaambia kila mtu akapekeche wake, maana wakichukua kwake leo, mwakani watakuwa wanamletea asali. Wakaenda. Meko arobaini yakawashwa kwa mikono ya wenyewe, na wazee wakatuma neno Ikondwe kwamba huku juu hakuna tena watoto wa mtu, kuna watu wa Msangwe.

Vita vilivyofuata vilikula misimu miwili. Ikondwe waliapa kwamba moto ulitoka kwao ukiwa hai, na hakuna aliyewasikiliza. Tulizika watu sitini na watatu. Njia ya bondeni ikafungwa kwa mawe, na ndugu wa tumbo moja wakasahauliana majina. Tangu asubuhi ile hadi hii ya leo, mtu wa Msangwe haombi moto wala hatoi.

Ningependa kuishia hapo. Wengi huishia hapo.

Kila mwaka ilifanyika kumbukumbu. Chungu kilitolewa na majivu yake, watoto wakaoneshwa, msemaji akaeleza ubaya wa Ikondwe. Nambike aliketishwa mbele, kwenye kiti cha heshima ambacho hakuwahi kukiomba. Hakupata mtoto mwingine. Wakati huo tulikuwa na mfumwa wetu wenyewe, na vijana wakimchimbia ndiva yake, na hakuna aliyeuliza ilipangwa kwenye baraza gani.

Mwaka wa thelathini Senzia, sasa mzee na shujaa wetu, akaitwa kusimulia safari yake kama kawaida. Alisimama. Badala ya kukiendea chungu, akakiendea kile kiti, akaketi chini miguuni pa Nambike. Msemaji akamhimiza apaze sauti, wa nyuma wasikie. Akaipaza.

"Shemeji, moto niliopewa ulikuwa hai. Niliumwagia maji mtoni, nikaziba upya kwa mkono wangu. Nilitaka watu waamke. Sikujua kwamba umejifungua."