Kijini cha Zuhura Kilichomchekesha Mwanakombo

Hapo zamani, zamani za majini kupiga hodi kabla ya kuingia, katika mji wa Utongani aliishi Mwanakombo, mke wa Mbwana mshona kofia. Siku moja Mwanakombo alianza kucheka, akashindwa kuacha.

Alicheka akisuka ukili. Alicheka akila, wali ukamtoka puani. Alicheka msibani kwa ami yake Mbwana, tena kicheko cha kuambukiza: akacheka mjane, akacheka mwalimu wa chuo cha Kurani, wakacheka wabeba jeneza mpaka wakalitua njiani wajishike mbavu. Mji mzima ukaona raha tupu. Lakini Mwanakombo hakuwa akilala tena. Maziwa yalimkauka, na mtoto alilia njaa mgongoni.

"Mume wangu," alisema huku machozi yakimtiririka, "nakufa, ha ha! Nakufa kweli, ha ha ha, usidhani nafurahi!"

Mbwana akamwita Bi Tatu Makame, fundi wa majini. Bi Tatu alijua vyeo vyao kama unavyojua ndugu zako: chini askari, juu yake akida, juu yake waziri, na juu kabisa sultani. Na kila sultani ana nyota yake mbinguni, na kila nyota ina siku yake. Akatia ubani kwenye chetezo, akaita. Kumbe ilikuwa Jumanne! Aliyeitika ni askari wa Mirihi, nyota ya vita. Vyungu vikaruka, kinu kikapinduka, mwiko ukamng'oa Bi Tatu jino la mbele. Mwanakombo akazidi kucheka.

Ndipo akaja Sharifu Badawi, msomaji wa nyota. Alisimama nje ya ua. Vile vyungu alivisikia tangu kwake.

"Bi Tatu, umebisha mlango wa watu wengine!" akaita. "Kicheko ni cha Zuhura, nyota ya furaha na ngoma. Siku yake Ijumaa, saa yake jua likichomoza. Saa ikipita, mlango unafungwa."

Ijumaa, jua lilipochungulia tu, Bi Tatu na pengo lake akafukiza tena. Safari hii moshi ukapanda ukinukia asumini.

"Hodi, askari wa Zuhura! Mtoeni aliyemo!"

"Si kazi yangu," moshi ukajibu. "Mwulize akida."

"Hodi, akida wa Zuhura! Mtoeni aliyemo!"

"Sina amri. Mwulize waziri."

"Hodi, waziri wa Zuhura! Mtoeni aliyemo!"

"Ningependa sana, mama, lakini hilo ni la sultani."

"Hodi, Sultani wa Zuhura!"

Nyumba ikatikisika. "Sultani haongei kwa moshi," sauti ikanguruma. "Nataka kichwa cha mtu nikikalie. Na nikikikalia, nitayasema yote yaliyomo moyoni mwake."

Lo! Kati ya watu wa mji waliojaa uani kutazama, kila mmoja akakumbuka kwamba ameacha chungu jikoni. Hata Mbwana alitazama vidole vyake vya miguu.

Akasogea Riziki, dada yake Mbwana. Riziki na Mwanakombo hawakuwa wamesemezana tangu siku ya harusi.

"Kalia kichwa changu," alisema.

"Wifi? Wewe? Ha ha ha!"

"Nyamaza, wifi, utanichekesha nighairi."

Sultani akampanda kichwani. Riziki akanyooka, akafumbua kinywa, ikatoka sauti nzito isiyo yake:

"Huyu ninayemkalia alimwaga maji ya moto mlangoni pa wifi yake, kwa chuki, amharibie mkeka. Kijini changu kilikuwa kimelala mferejini hapo mlangoni. Kikaungua, kikaruka, kikaingia kichwa cha karibu. Huyu aliliona hilo siku ileile, akanyamaza. Na wewe kijini, toka!"

Kijini kikachomoka sikioni mwa Mwanakombo, kifupi kama mwiko, mashavu yamefura kwa kicheko. Mwanakombo akanyamaza. Akajipapasa mdomo asiamini. Akaomba uji.

"Kwa adhabu yake," Sultani akasema, "kijini hiki kitamtumikia mmoja wenu maisha yake yote. Kiteke maji, kikune nazi, kipepee joto likizidi. Mpeni aliyemponya mwanamke huyu. Kabla saa yangu haijapita, Mbwana, wewe utaje jina. Ukikosea, kitarudi kichwani kilikotoka, na hapo hata mimi sitakitoa."

Akashuka. Riziki akaanguka kwenye mkeka, akajifunika uso kwa kanga. Na hapohapo kelele zikaanza.

"Changu!" alisema Bi Tatu. "Nimepanda ngazi nzima, askari hadi sultani. Jino langu liko wapi? Nani mwingine hapa ana pengo?"

"Changu!" alisema Sharifu Badawi, ambaye sasa alikuwa ameingia ndani. "Bila nyota yangu ungeita mpaka meno yote yaishe. Mimi ndiye niliyekuonyesha mlango na saa."

"Ulionyesha ukiwa nje ya ua!"

"Nyota huonekana vizuri zaidi kutoka nje!"

Riziki hakudai kitu. Mwanakombo ndiye aliyemdaia, kijiko cha uji mkononi.

"Apewe wifi yangu. Nyinyi mmetoa ujuzi wenu, nashukuru. Yeye ametoa siri yake mbele ya mji mzima, naye alijua itatoka."

"Alaa!" Bi Tatu akaruka. "Aliyekuchoma ndiye atunzwe kwa kukupaka dawa? Bila maji yake mimi ningekuwa natafuna miwa!"

Mbwana akamtazama fundi, akamtazama msoma nyota, akamtazama dada yake. Jua lilikuwa limepanda juu ya makuti, saa ya Zuhura inayoyoma. Kijini kimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kinabana pumzi, kinangoja bwana wake.

Na mdomo wa Mwanakombo, upande mmoja, umeanza kucheza.

Haya, jamani, semeni upesi, Mbwana anawasikiliza. Je, kati ya hao watatu, ni nani aliyestahili?