Sheria ya Fisi Kisimani

Si zamani sana, mvua iligoma miaka miwili na mto ukabaki mchanga mtupu. Aliyetaka maji alichimba. Mchimbaji hodari alikuwa Ngiri, ambaye hupiga magoti na kuzamisha kichwa shimoni hadi mabegani. Kwa kuwa mwenye kichwa shimoni haoni kitu, jirani yake Twiga alisimama ukingoni akimwangalizia watoto wake watano. Maji yakipatikana, walikunywa wote.

Ukafika uchaguzi wa mkuu wa mto. Simba aligombea, akiwa haamini kwamba yupo wa kumpinga. Nyati akampinga. Ngiri alimtaka Simba. Twiga alimtaka Nyati, na hakumficha mtu. Walitaniana kidogo, kisha wakachimba.

Fisi, mpiga debe wa Simba, hakuupenda utani huo. Alitangaza sheria kwamba asiyemtaka Simba ni adui, na adui asikanyage kisimani.

"Lakini huyu ni Twiga," Ngiri alisema. "Ananiangalizia watoto."

"Ndiyo maana nakuonea huruma, ndugu yangu. Adui amekufanya mlegevu," Fisi akajibu.

Ngiri aliona haya kuitwa mlegevu. Akamfukuza Twiga mbele ya wote, kwa matusi aliyopangiwa na Fisi. Twiga aliondoka na kiu yake.

Kesho yake Ngiri alichimba peke yake. Aliposikia kilio na kuinua kichwa, watoto walikuwa watano bado, ila kitindamimba hakuwa na mkia. Wa kwanza kuja kutoa pole alikuwa Fisi. Alisema hiyo ni kazi ya watu wa Nyati, tena alisema kwa kirefu. Sungura, aliyekuja kuomba maji, akaona singa za mkia katikati ya meno ya Fisi. Baadaye alimnong'oneza Fisi kwamba watu wa Nyati wamefukia paja la nyama chini kabisa ya kisima.

Fisi hakungoja mtu wa kugawana naye. Aliteremka, akafukua, mchanga ukamporomokea hadi shingoni. Wanyama wakakusanyika.

"Mwiteni Twiga," Fisi alilia. "Shingo ya kunifikia anayo yeye tu."

"Twiga anamtaka Nyati," Sungura alisema. "Sheria yako haimruhusu kukanyaga hapa. Labda utuambie uliitunga kwa nini."

Mchanga ukaporomoka tena kidogo.

"Nilitaka Ngiri achimbe bila mlinzi," Fisi akasema. "Mtoto aliniponyoka, nikabaki na mkia."

Ngiri alikwenda mwenyewe kwa Twiga.

"Jirani, nilikutukana, nilikosea. Lakini kura yangu bado ni ya Simba."

"Sikukuuliza kura," Twiga alisema, na akaja.

Alimvuta Fisi nje. Simba, ambaye hakuweza kunywa maji yaliyokaliwa na Fisi, alimfukuza mtoni siku hiyo hiyo.

Simba alishinda kwa kura tatu. Nyati alinuna hadi mchana, kisha akaja kunywa. Twiga alisimama ukingoni kama zamani, na kitindamimba akacheza katikati ya miguu yake, akijaribu kusimamisha mkia ambao haukuwepo. Ngiri alimwona, moyo ukamuuma sana. Akapiga magoti, akazamisha kichwa, akachimba.