Kaka Aliyechelewa na Zawadi

Ndugu zangu mlioketi, na ninyi mliokosa nafasi mkasimama pale mlangoni, nipeni masikio yenu kidogo. Leo nawapa mfano wa watu wawili waliozaliwa tumbo moja.

Palikuwa na fundi mmoja wa televisheni na redio, mtu wa makamo, mkono wake mpole lakini ulimi wake mkali. Mama yake alikuwa akiishi na mdogo wake katika mji wa jirani. Siku mama alipozidiwa na kukata roho, yule mdogo hakuwepo nyumbani. Basi fundi alipofika msibani, mbele ya waombolezaji wote, alimnyooshea mdogo wake kidole akasema, "Wewe ndiye uliyemuua mama." Mdogo aliinamisha kichwa, akaendelea kupokea watu.

Miaka ikapita, hawasalimiani. Ndipo siku moja aliyekuwa jirani wa mama akamsimulia fundi, bila kujua anafukua nini, kwamba siku ile mdogo alikuwa akihangaika mtaa kwa mtaa kutafuta gari la kumpeleka mama hospitali. Alirudi na gari, akakuta kilio. Fundi aliposikia hayo akatambua kosa lake. Amemsingizia nduguye kifo cha mama yao, tena hadharani, na mdogo hakujitetea miaka yote hiyo.

Angefanya nini? Ninyi mngefanya nini? Angepanda basi siku hiyo hiyo. Lakini alijiuliza, nitaanzaje? Nitamtazama kwa macho gani? Akaona aibu kwenda mikono mitupu.

Akakumbuka ujana wao. Nyuma ya duka la kinyozi palikuwa na mashine ya gemu, nao walikuwa wakibanana mbele ya kioo chake, kila mmoja na kishikio chake, wakizidungua ndege za adui mpaka baba awafuate. Fundi akasema moyoni, nitamtengenezea mashine kama ile, ndogo, ya kukaa mezani. Akiiona tu ataelewa, wala sitahitaji maneno mengi.

Akaanza kazi. Kioo alikitoa kwenye kompyuta iliyotupwa, spika kwenye redio ya gari, vitufe na vishikio akaviokota kwa wauza vyuma chakavu. Sanduku alilichonga kwa mbao za kabati la mama. Aliifanya kazi ile kwa upendo. Asije mtu akaniambia kwamba hakumpenda ndugu yake.

Akiwa katikati ya kazi, shemeji yake, mke wa mdogo wake, akapiga simu. Mumewe ameonekana ana uvimbe kichwani. Madaktari wamesema hawawezi kuutoa, na kumbukumbu zake zinapungua siku hadi siku. Kila akiamka anamtaja kaka yake.

"Nakuja, shemeji," fundi akasema. "Kuna kitu namtengenezea. Nikimaliza tu, nakuja nacho."

"Hahitaji kitu, shemeji. Anakuhitaji wewe. Njoo angali anakujua."

Fundi alilia baada ya simu ile. Kisha akafuta machozi, akarudi kwenye nyaya zake.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Mashine iliwaka wiki ile ile. Picha ilitoka, ndege ziliruka, vishikio vyote viwili vilifanya kazi. Lakini fundi akasikia sauti inakwaruza, akafungua upya. Akaona rangi haijakaa sawa, akaikwangua, akapaka nyingine. Shemeji akapiga tena, akamwambia kimebaki kidogo tu. Kila alipotaka kuifunga asafiri, alitafuta kasoro, na akiitafuta anaipata. Moyoni alijua. Alichokuwa akikiogopa hakikuwa ndani ya lile sanduku.

Ikafika wakati shemeji akaacha kupiga simu. Ukimya huo ndio uliomwondoa. Alipanda basi, mashine ameipakata, ameifunga kwa blanketi.

Alimkuta mdogo wake ameketi sebuleni, amekonda, amevalishwa shati safi. Shemeji alimpokea mzigo, hakumlaumu kwa lolote. Fundi akaiweka mashine mezani, akaiwasha, akasubiri. Mdogo akazitazama zile ndege zikipita, kisha akageuka akamtazama mgeni.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Umetoka mbali?"

"Ni mimi," fundi akasema. "Ni kaka yako."

Mdogo akatabasamu kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni. "Hapana, mzee. Kaka yangu namfahamu. Anakuja leo. Ukipita stendi ukimwona, mwambie aharakishe."

Fundi akapiga magoti, akamshika mikono. Akayasema yote, juu ya siku ya msiba, juu ya lile neno, juu ya miaka ya kununa, hata juu ya simu za shemeji. Yale maneno aliyodhani hatayaweza yalimtoka yenyewe. Mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, akamwonea huruma.

"Hujanikosea kitu, mzee," akasema. "Mimi na wewe hatujuani."

Alizikwa kabla mwezi haujaisha. Alikufa akimngoja kaka yake.

Ndugu zangu, nani kati yetu atamcheka fundi huyu? Sisi nasi tunasema, nitakwenda nikipata nafasi. Nitakwenda sikukuu ikifika, nikipata la kumpelekea, nikijua pa kuanzia. Tunajipamba ili tusionekane kama tulivyo, wakosaji. Halafu tunakuja hapa, tunainua mikono, tunamwomba Mungu atusamehe. Mungu yupo jana na kesho, ukimwita mwakani atakusikia. Je, yule uliyemkosea atakuwepo mwakani? Na kama atakuwepo, atakujua?

Sikuulizi jina la mtu huyo. Limeshakujia, ninaona vichwa vinavyoinama. Unalijua, na nyumba yake unaijua.

Tutaimba, kisha tutaomba. Lakini kama kuna mtu hawezi kungoja mpaka tumalize, kwa sababu ana mahali pa kwenda, na ainuke aende. Mlio mlangoni, mpisheni.