Zizi la Sisimizi la Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kutoa mahari, Kifaru hakuwa na mfugo hata mmoja. Nyati ana ng'ombe, Nyani ana mbuzi, yeye ana pembe tu. Siku moja akampa Kakakuona shoka lake, naye Kakakuona akampa kibuyu cha sisimizi: malkia mmoja na vijakazi wake, wale wanaookota mbegu za nyasi na kuziweka akiba chini ya ardhi.

"Na mimi sasa mfugaji!" akanguruma. Akawamwaga mlangoni pa Bi Sange, nao wakachimba shimo lao papo hapo.

Mnamjua sange? Mdogo kama panya, pua kama mrija, miguu haitulii. Huyu alikuwa mjane mwenye mapacha, na kibanda chake kilikuwa cha majani makavu. Kifaru hakubisha hodi. Wakubwa hawabishi hodi, hushangaa tu kukukuta ndani.

"Wee Sange! Kuanzia leo unanichungia. Asubuhi unawafungulia, jioni unawahesabu. Akipungua mmoja, naikalia nyumba yako."

"Kuikalia vipi, bwana?"

"Kwa makalio."

Bi Sange akayatazama makalio yale, akakitazama na kibanda chake. "Nitawahesabu, bwana."

Basi Kifaru akafuga kama alivyoona wenzake wakifuga. Akajenga zizi la miiba. Sisimizi wakapita katikati ya miiba, hata kuinama hawakuinama. Akataka kumvisha malkia njuga. Njuga ikammeza malkia mzima, akatokea upande wa pili na kuzama shimoni kwa hasira. Asubuhi Kifaru akaja na kata ya maziwa, akachuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi.

"Mbona hawatoi?"

"Wana haya, bwana. Na wewe umewakodolea macho."

Siku moja mvua ikashuka, pwaa! Kulipokucha, sisimizi wakatoa mbegu zao nje kuzianika, kama sisi tunavyoanika mtama uliolowa. Kifaru akapiga ukelele.

"Ebo! Wanahama! Wanatoa vyombo!"

Akazisukumia mbegu zote shimoni zingali zimelowa. Baada ya siku chache, mlango wa sisimizi ukaota ndevu za kijani.

"Ona! Zizi linaotesha malisho lenyewe!" akasema Kifaru, amejaa kiburi.

Bi Sange akaingia ndani kwa wanawe. Mjinga akifurahi, mwache afurahi mbali na nyumba yako.

Lakini jioni ile Kifaru akamsimamia kichwani. "Hesabu!"

"Elfu tatu na kumi na wanne, bwana."

"Jana ulisema kumi na watano!"

Lo! Nani awezaye kuhesabu sisimizi? Kila jioni Bi Sange alikuwa akibuni, na leo amesahau alichobuni jana. Kifaru akageuka, akaanza kushusha makalio polepole.

"Mama!" mapacha wakalia ndani. "Mbona giza limeingia ghafla?"

"Ngoja, bwana! Hajapotea! Ameota mbawa!"

Makalio yakasimama hewani. "Mbawa?"

Asubuhi ile Bi Sange alikuwa amechungulia shimoni, akawaona kweli: sisimizi vijana wenye mbawa, wanangoja jua tu waruke kwenda kuoana.

"Mifugo ikinona huota mbawa. Kakakuona hakukwambia? Kesho kundi linahamia malisho mapya."

"Na mwenye mali afanyeje?"

"Ng'ombe wa Nyati wakihama, Nyati hulala?"

"Thubutu! Huwafuata na fimbo."

"Haya, umesema mwenyewe. Mimi ni mchungaji tu."

Kesho yake jua likapasha ardhi, na wale wenye mbawa wakatoka, fruuu! wakapanda juu kama moshi. Kifaru haoni mbali, mnajua. Yeye aliona wingu tu linakwenda. Akakwapua kata na fimbo.

"Kundi langu! Hoo! Hoo! Rudini! Sange, twende!"

"Tangulia, bwana! Mimi nafunga zizi!"

Ti! ti! ti! akakata mbuga. Nyati akainua kichwa. "Jirani, wakimbilia wapi?"

"Mali imepaa!"

Nyati akatazama juu, akaona mbingu. Akatazama chini, Kifaru keshavuka kilima.

Vumbi lilipotulia, vijakazi wasio na mbawa wakatoka shimoni, maelfu kwa maelfu, wakaendelea kuokota mbegu mlangoni pa Bi Sange bila kumuuliza mtu. Mapacha wakachungulia.

"Mama, atarudi?"

"Atarudi," akasema Bi Sange huku akifagia. "Akishawahesabu wote."

Mwenye kufuga asichokijua, ndiye anayechungwa.