Mlango Uliobeba Wali

Nikiita mniitikie vizuri, si kwa sauti za paka aliyemwagiwa maji. Chungu jikoni!

Kifunikwe!

Sijasikia. Chungu jikoni!

Kifunikwe!

Haya, tumekifunika, sasa tusubiri kiive. Wewe Mwinyi, toa mkono kwenye huo mchele, nimeshauchagua. Na wewe Asya acha kumfinya mwenzako. Macho yangu mabovu, lakini kwa mambo ya kufinyana yanaona.

Zamani, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliiita zamani, jogoo alipokuwa akiamka saa anayotaka na jua likimsubiri, palikuwa na mji unaitwa Shungi. Haupo tena, msije mkaenda kuutafuta mkanirudia na miba miguuni. Watu wa Shungi walikuwa watu kama sisi, wanakula, wanalala, wanagombana. Ila walikuwa na adabu. Adabu mpaka kero. Wawili wakikutana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake apite kwanza, na wengine walizeeka hapohapo mlangoni.

Na katika adabu zao zote, kubwa ilikuwa ya vyombo. Jirani akikuletea chakula, chombo chake hukirudishi kitupu. Mnasema hata sisi tunafanya hivyo? Ndiyo, tunafanya. Lakini sisi tukikosa tunatia ndimu moja, au chumvi kidogo, tunacheka, yanaisha. Shungi hapana. Kule chombo kikirudi kitupu maana yake ni hii: mimi na wewe basi. Hakuna kuamkiana, hakuna kuombana moto, hakuna kuzikana. Watu walihama mtaa kwa sababu ya bakuli tupu.

Sasa sikilizeni. Walikuwako wanawake wawili, Bi Mwatima na Bi Kazija. Nyumba zao zilipakana, ukuta wao mmoja. Walikua pamoja, wakasukwa nywele na mkono mmoja, wakaolewa mwaka mmoja. Mume wa Bi Mwatima alikuwa Mzee Vuai. Mume wa Bi Kazija alikuwa Bwana Faki, na Bwana Faki alikuwa akiishi na mama yake, Bi Mize, kizee asiye na jino hata moja, ila ulimi alikuwa nao, tena mzima kabisa.

Kila jioni Bi Mwatima na Bi Kazija walikaa barazani wakimenya karanga na kusema watu. Msicheke. Kusema watu nako ni kazi, inataka mwenza unayemwamini. Walipendana wale. Nawaambia walipendana kweli.

Siku moja Bi Mwatima alikaanga vitumbua, vikabaki. Akavitia kwenye bakuli la mti, akavuka kwa jirani.

"Hodi!"

"Karibu!"

"Shoga, nimekuletea uonje."

"Mbona umejisumbua?"

"Hamna usumbufu, kidogo tu hicho."

Bi Kazija akala vitumbua, akaosha bakuli. Akalitazama. Bakuli nalo likamtazama. Kesho yake akatia kaimati, akavuka.

"Hodi!"

"Karibu!"

"Shoga, chombo chako hiki."

"Mbona umejisumbua?"

"Hamna usumbufu, kidogo tu hicho."

Hapo, wanangu, ndipo palipotakiwa mtu mmoja asahau. Kwa watu wenye akili bakuli la jirani husahauliwa. Linatupwa uvunguni, linatiwa vitunguu, miezi inapita, watu wanapumua. Lakini hawa wawili walikuwa wasafi, wepesi, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuchelewa. Bakuli likienda asubuhi na mbaazi, adhuhuri limerudi na samaki. Likienda na samaki, jioni limerudi na mkate wa kumimina. Bakuli halikulala. Lilivuka pale uani mpaka likaijua njia, na wengine husema siku moja lilivuka lenyewe. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema wengine husema.

Halafu bakuli likaonekana dogo. Bi Kazija akarudisha kwa sufuria. Bi Mwatima akarudisha kwa sinia. Wakawa hawana nafasi hata ya kuvuka wenyewe, maana mmoja anakaanga na mwingine anasonga, basi waliobeba ni waume. Kule barazani akabaki paka, na paka hajui kusema watu.

Mnaitikiaje? Hodi!

Karibu!

Mbona mmejisumbua?

Hamna usumbufu, kidogo tu hicho!

Hivyo hivyo. Sasa tazameni maajabu. Mzee Vuai akawa hali tena chakula cha mkewe. Kila anachopika Bi Mwatima kinaenda kwa Kazija, na yeye Vuai anakula cha Kazija. Akavumilia, akavumilia, mwisho mchuzi wa mkewe ukamtoa machozi kwa hamu. Akavaa kofia, akaenda kubisha hodi kwa jirani ili ale chakula cha nyumbani kwake. Njiani akakutana na Bwana Faki, naye amevaa kofia.

"Unakwenda wapi, Faki?"

"Kwenu. Nakwenda kula chakula cha mke wangu."

"Basi salimia kwangu," akasema Mzee Vuai.

"Na wewe nisalimie kwangu."

Ikawa ndiyo desturi. Kila mmoja mgeni nyumbani kwa mwenzake, anakula mapishi ya kwake.

Na vyombo vinakua. Sinia likawa dogo. Siku hiyo Bi Mwatima alipika wali wa nazi usiokuwa na pa kutiwa. Akatazama huku, akatazama kule, akaona mlango wa nyumba yake. Mninga mtupu, umechongwa maua.

"Vuai! Hebu ung'oe mlango."

"Mke wangu, tutafunga nini usiku?"

"Huo wali utaenda kwenye nini? Kwenye kofia yako?"

Mlango ukang'olewa, ukatandikwa majani ya migomba, ukamwagiwa wali mpaka pembeni, na kawa za mtaa mzima zikashonwa pamoja ili kuufunika. Kule kwa Bi Mwatima mbuzi wa watu wakaingia ndani, wakazoea, mmoja akawa anataka kulala kwenye mto.

Hodi! Karibu! Mlango ukaenda na wali, ukarudi na pilau. Ukaenda na pilau, ukarudi na ndizi za nazi. Kuku wakaisha. Bata wakaona mambo yalivyo, wakahama kwa miguu. Mbuzi ya kukunia nazi, ile ya chuma, ikaisha meno, ikawa inakuna kwa fizi. Kuni zikaisha, wakachoma viti, watu wakala wamesimama. Viti vikaisha, na unga ukaisha.

Hapo ndipo hadithi inaponiuma. Mlango ulikuwa kwa Bi Kazija, umeoshwa, umekaushwa, unang'aa. Bi Kazija akafungua mtungi wa mchele, akaona mtungi. Akafungua kapu la muhogo, akaona kapu. Akakaa chini, akalia.

"Nitampoteza Mwatima," alisema. "Mlango ukirudi mtupu nimempoteza. Tangu utoto, mama, tangu utoto!"

Bi Mize alikuwa pembeni anatafuna kwa fizi, na hakuwa anatafuna kitu. Akauliza, "Humu ndani kumebaki nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Na mimi je?"

"Mama, wewe si chakula."

"Nani kasema chakula? Adabu inasema chombo kisirudi kitupu. Haikusema kirudi na nini. Tandika majani."

"Mama!" Bwana Faki akapiga kelele.

"Wewe shika upande wa kichwani, na usinitikise."

Bi Mize akapanda juu ya mlango, akakunja miguu, akashika ndimu mkononi ili aonekane kitoweo. Wakamfunika kawa. Mzee Vuai alikuja akashika upande wa pili, wakavuka.

"Hodi!"

"Karibu!"

"Chombo chenu hiki."

Bi Mwatima akafunua kawa. Akamwona Bi Mize. Sasa adabu ya Shungi inasema ukiletewa kitu usiulize, sifu.

"Mashaallah!" akasema Bi Mwatima. "Shikamoo Bi Mize. Mbona mmejisumbua?"

Bi Mize akajibu kutoka juu ya mlango, "Marahaba. Hamna usumbufu, kidogo tu hicho. Nina njaa."

Bi Mize akashuka, akaenda jikoni na mkongojo wake. Paka wa barazani alikuwa amelala katikati ya mafiga, kwenye jivu, wala hakuamka. Pembeni palikuwa na rundo la makumbi ya nazi. Bi Mwatima alikuwa anayachoma kila asubuhi ili moshi uonekane upande wa pili, watu wasijue kuwa hapiki.

"Tangu lini?" Bi Mize akauliza.

"Tangu ndizi za nazi," akasema Bi Mwatima, akaficha uso kwa kanga.

Sasa ilikuwa zamu yake, na mlango uko kwake. Kumrudisha Bi Mize haiwezekani, maana Shungi kumrudishia mtu kitu kilekile alichokuletea ni matusi kuliko kumtukana. Kule ng'ambo ya ukuta Bwana Faki, aliyekwisha kurudi kwake, alikuwa analia, "Mama yangu ameenda na mlango! Mama yangu ameliwa na adabu!"

Bi Mwatima akaanza kumtazama mumewe. Mzee Vuai aliyaelewa yale macho. Akarukia mtungi wa mchele, ule mtupu, akaingia mpaka shingoni.

"Mimi nina mifupa mingi!" akalia.

"Mwache huyo, hafai hata kwa supu," akasema Bi Mize. "Mwatima, humu ndani kumebaki nini?"

Bi Mwatima akafikiri. Akatazama jiko, akatazama mtungi uliokuwa na mume ndani. Akasema polepole, "Nimebaki mimi."

"Basi umejibu."

Bi Mwatima akanawa uso, akajifunga kanga yake nzuri, akapanda juu ya mlango. Wakamfunika. Mzee Vuai akatolewa mtungini, Bwana Faki akaitwa, wakabeba. Bi Mize akafuata nyuma akiwaelekeza, na kila aliyemtazama alimwambia, "Mimi sirudi, mimi nasindikiza."

Kule ndani Bi Kazija alisikia hodi. Chochote kitakachokuja atakirudishia nini? Mama mkwe ameshamtoa. Mlango ukatuliwa. Akashika kawa kwa mikono miwili, akafunua.

Wanangu, hawakuwa wameonana tangu sinia. Chakula cha kulisha mji kilipita katikati yao, na wao hawakuonana.

"Mwatima?"

"Kazija."

"Umekonda, shoga yangu."

"Na wewe umekonda."

"Mbona umejisumbua?" Bi Kazija akasema, na machozi yanamtoka, maana hata katika kilio mtu wa Shungi hasahau adabu.

"Hamna usumbufu," akasema Bi Mwatima. "Sina kingine, Kazija. Ndicho kilichobaki."

"Mwenzangu, mimi hicho ndicho nilichokuwa nakitaka tangu vitumbua!"

Wakashikana, wakalia, wakacheka, wakalia tena. Waume nao wakalia, ila wao ilikuwa njaa. Bi Mize akafungua pindo la kanga yake, akatoa kunde, konzi moja tu.

"Nilizificha siku mlipong'oa mlango," akasema. "Nikajua hawa wamepotea, lazima abaki mwenye akili."

Wakazichemsha kwa maji na chumvi. Lile bakuli la mti likatafutwa, likaonekana uani, kuku walikuwa wakilinywea maji enzi za kuku. Wakalisugua, wakapakua, wakalizunguka wote wakala na mikono yao. Na kwa sababu wote walikuwa pale, bakuli halikuwa na mtu wa kurudishiwa.

Baada ya kula walikwenda barazani, wakamfukuza paka, wakasema watu mpaka magharibi. Kulikuwa na mengi ya kusema, mji mzima ulikuwa haujasemwa siku nyingi.

Mnauliza mlango? Asubuhi yake Bwana Faki aliuona umelala kwake, mtupu, akaanza kutoka jasho.

"Vuai, mlango wenu huu, na sina cha kutia."

Mzee Vuai akakuna kichwa. "Usiurudishe," akasema. Akachukua tindo, akatoboa ule ukuta mmoja, wakautia mlango hapohapo, katikati ya nyumba mbili. Kwa Mzee Vuai mbele pakatundikwa mkeka. Na tangu siku hiyo aliyekuwa nacho alisukuma mlango akaingia nacho, na asiyekuwa nacho alisukuma akaingia na njaa yake, akasogezewa mahali pa kukaa.

Hayo ndiyo yao. Mimi ninachowaambia ni hiki: pelekeni chakula kwa watu, tena pelekeni kizuri, msipeleke makoko ya chunguni. Lakini mkishapeleka, kaeni. Aliyekupikia alikukumbuka wewe, hakulikumbuka bakuli lake.

Sasa wewe Asya, umefinya vya kutosha, inuka. Chukua hili bakuli la maharage umpelekee Bi Salha. Mwambie asinirudishie. Mwambie alilete mwenyewe jioni, tupu hivyohivyo, na aje na njaa, maana sijamwona tangu mwezi uliopita na nina mambo ya watu hapa yananipasua kifua.

Chungu jikoni!

Kifunuliwe!

Kimeiva, naweni mikono.